Rais ni Mmoja au Wawili? Kisa cha Waraka wa Shirikisho Mpakani

Kuhusu kisa hiki

Vikundi viwili vya wananchi, kimoja upande wa Kenya na kingine upande wa Tanzania, vilijaribu kuandika waraka mmoja wa maoni kuhusu shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki. Jina la mji, majina ya vikundi na ya wajumbe yameondolewa, na kazi za watu wawili watatu zimebadilishwa ili wasitambulike. Mimi nilikuwa mwezeshaji na mwandishi wa rasimu, kwa hiyo baadhi ya makosa yanayochambuliwa hapa ni yangu.

Usuli

Mpaka huu ulianza kuchorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, na waliouchora hawakuuliza nani ana shamba wapi. Katika mji wetu kuna familia zenye makaburi upande mmoja na mashamba upande wa pili. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya mahubiri, ya ugomvi na ya posa. Mtu akikwambia "nakwenda ng'ambo kwa shemeji", hazungumzii safari ya kigeni. Anarudi kabla ya magharibi.

Wazo la kuziunganisha nchi hizi ni kongwe kuliko uhuru wake. Mwaka 1960 Nyerere alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Afrika Mashariki iingie kwenye uhuru ikiwa kitu kimoja. Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi kwamba shirikisho lingeundwa kabla ya mwaka kwisha. Halikuundwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ikavunjika 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983; wazee wa hapa bado wanahesabu miaka ya watoto wao kwa kufungwa na kufunguliwa huko.

Jumuiya ya sasa imejengwa juu ya Mkataba uliotiwa saini 30 Novemba 1999. Unataja umoja wa forodha, soko la pamoja, kisha umoja wa fedha na hatimaye shirikisho la kisiasa. Hiyo "hatimaye" imevutwa huku na huku. Kamati iliyoongozwa na Amos Wako, Mwanasheria Mkuu wa Kenya wakati huo, mwaka 2004 ilitaka mwendo uharakishwe ili shirikisho liwe limekamilika ifikapo 2013. Wananchi walipoulizwa mwaka 2006 na 2007, Watanzania wengi walijibu kwamba shirikisho sawa, haraka hapana. Mei 2017 wakuu wa nchi wakachagua njia ya katikati kama hatua ya mpito: kila nchi ibaki na mamlaka yake, lakini juu yao kuwe na chombo cha kisiasa cha pamoja. Baadaye wataalamu wakapewa kazi ya kuandaa katiba ya chombo hicho na kukusanya maoni ya wananchi.

Maoni yalikuwa yakikusanywa upande wa Kenya. Upande wa Tanzania zamu ilikuwa bado. Kikundi cha kaskazini, wengi wao wafanyabiashara wa nafaka na mitumba, kikaona si vizuri kuzungumzia nyumba ya pamoja mwenzako hayupo. Kikawaalika wakulima na wachuuzi wa kusini ambao wamekuwa wakisaidiana nao kwa miaka: wajumbe 12 kwa 12, vikao vitatu, waraka mmoja, lugha moja.

Uhusiano wao haukuwa wa asali tupu. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya na kuwapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,000 wa wafugaji wa Kenya. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilidumu siku chache kabla ya kugeuzwa kuwa masharti, lakini mahindi yaliyokwama kwenye lori juani hayajui tofauti ya zuio na masharti.

Yaliyotokea

*Kikao cha kwanza* kilifanyika kaskazini. Wajumbe wa kusini walichelewa karibu saa mbili. Watu wanaovuka kila siku ya gulio bila kuulizwa neno, siku hiyo walikuwa na barua ya mwaliko yenye muhuri, na barua hiyo ndiyo iliyowageuza kuwa wageni rasmi wanaotakiwa kuwa na hati ya kusafiria. Mmoja alitania kwamba angepita njia ya panya angewahi chai. Tulicheka, na kicheko hicho kikaweka hewa ya kikao kizima. Kila aliyesimama alisema sisi ni ndugu, lugha moja, mpaka ni wa mkoloni. Mwenyekiti akauliza, "Tunataka shirikisho, hatutaki?" Mikono yote ikapanda. Nikaandika kwenye kumbukumbu: *Wajumbe wote wameunga mkono.*

Kwenye daftari langu mikono ile ilikuwa azimio. Niliona kazi kubwa imekwisha.

Nikaenda kuandika rasimu peke yangu. Hati rasmi nilizokuwa nazo zilikuwa za Kiingereza, nami nikazifasiri usiku kwa usiku. Kiingereza kina maneno mawili: moja kwa nchi zinazoungana chini ya serikali moja ya juu, jingine kwa nchi huru zinazofunga mkataba na kubaki huru. Mimi yote mawili niliyaita "shirikisho", kwa sababu ndivyo tunavyosema. Nchi wanachama nikaziita "majimbo", neno lililonipendeza kwa ufupi wake. Ugawaji wa madaraka nikauita "ugatuzi". Rasimu ilisomeka vizuri kweli.

*Kikao cha pili*, kusini, kilivunjika kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza.

Ilianza na "majimbo". Mama mmoja wa kaskazini, mwenye umri wa kukumbuka, alisema hatatia kidole kwenye karatasi yenye neno hilo. Kwake majimbo ni ile siasa ya kuwaambia watu warudi kwao, na alikuwa ameona nyumba zikiungua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wajumbe wa kusini walimtazama bila kuelewa. Kwao jimbo ni eneo la mbunge, na walikuwa wanajiuliza kwa nini nimeandika kwamba Kenya ni jimbo.

Tukahamia "ugatuzi", tukadhani hapo pana amani. Kijana wa kaskazini akaeleza jinsi gavana anavyochaguliwa na jinsi katiba yao ya 2010 inavyotaka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mjumbe wa kusini akasema kwao pia madaraka yamepelekwa mikoani tangu 1972. Kijana akauliza mkuu wa mkoa anachaguliwa na nani. Akajibiwa kwamba anateuliwa na Rais. Kijana akacheka kidogo, na kile kicheko hakikufanana na cha kikao cha kwanza.

Halafu ikafika ardhi. Nilikuwa nimeandika: "Kila mwananchi wa Afrika Mashariki awe na haki ya kumiliki ardhi popote katika shirikisho." Sentensi tamu. Upande wa kaskazini waliielewa kwa hati miliki: ninunue, niandikishe, niweke rehani benki. Kusini, kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na asiye raia hapewi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mkulima mmoja akasimama. "Ndugu mwenyekiti, kumbe hawa ndugu zetu hawakuja kuungana. Wamekuja kupima viwanja."

Kelele. Mwenyekiti aligonga meza, hakusikika.

Aliyeokoa siku alikuwa mwalimu mstaafu wa kusini, mtu wa maneno machache. Alingoja watu wachoke, akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Naomba mwongozo. Hili shirikisho tulilolipigia mikono mwezi uliopita, rais wake ni mmoja au wawili?"

Hakuna aliyejibu. Akaomba kila mjumbe apewe kipande cha karatasi aandike, bila jina, vitu vitatu: rais wangapi, jeshi la nani, na mtu akitaka kutoka anatokaje.

Karatasi zile ninazo hadi leo. Vijana wa kaskazini wengi waliandika rais mmoja, nchi moja, mpaka ung'olewe. Wengine kutoka pande zote waliandika mambo ambayo hayahitaji shirikisho hata kidogo: kuvuka bila usumbufu, lori lisisimamishwe mara tano. Lakini wengi wa kusini walikuwa wameandika habari ambayo sikuitarajia: serikali tatu. Kwa Mtanzania aliyefuatilia Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, 2013 na 2014, "shirikisho" si ndoto ya Afrika Mashariki kwanza. Ni ule ubishi wa nyumbani, wa Tanganyika kurudi, Zanzibar kuwa na yake, na ya tatu juu yao. Ubishi uliokwisha kwa Bunge Maalum la Katiba kurudi kwenye serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar. Mmoja alikuwa ameandika swali badala ya jibu: "Zanzibar itaingia kama nani?" Mwingine: "Huu Muungano wa 1964 una kero hadi leo, nyie mnaleta wa pili?"

Na kwenye swali la kutoka, karatasi karibu zote zilikuwa tupu.

Maamuzi na sababu zake

Kati ya kikao cha pili na cha tatu tulikutana watu wanne, wawili kwa wawili, chini ya mti nje ya ghala la mjumbe mmoja. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuondoa kwenye waraka maneno matatu: shirikisho, muungano na majimbo. Si kwamba ni mabaya. Kila moja lilikuwa limeshalipiwa na historia ya upande mmoja, na upande wa pili haukuiona risiti. Badala yake tuliandika vitendo: nani atoe pasipoti, nani akusanye ushuru, nani aamuru askari, nani agawe ardhi, mgogoro uende mahakama gani.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi: ardhi tusiitafutie sentensi moja. Tuliandika msimamo wa kaskazini na msimamo wa kusini, kila mmoja kwa maneno ya wenyewe, na chini yake mstari unaosema hapa hatujakubaliana. Mwenzetu mmoja alipinga vikali. Alisema waraka wenye mstari kama huo ni aibu, unaonyesha tumeshindwa. Tukamwonyesha kwamba hata Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Kama mawaziri na wanasheria wao waliliruka shimo hilo, wauza mahindi wana haki ya kulizunguka.

Uamuzi wa tatu: swali la rais lisiandikwe kabisa. Huu ulitokana na uchovu kuliko hekima. Muda ulikuwa unakwisha, na tuliogopa kikao cha tatu kivunjike kama cha pili.

Wa nne ulikuwa wa utaratibu tu. Rasimu isisomwe na mimi. Kila kipengele kisomwe na mjumbe wa upande mmoja, kisha mjumbe wa upande wa pili aseme kwa maneno yake alichosikia.

Matokeo

*Kikao cha tatu* kilichukua saa tano na kumaliza kazi. Huo utaratibu wa kurudia ulichelewesha kila kitu na ndio uliotuokoa. Kwenye kipengele cha ushuru peke yake tuligundua kwamba watu walikuwa wakichanganya ushuru wa forodha na ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri au kaunti, ambao hata umoja wa forodha hauugusi.

Waraka ulitoka na vipengele ambavyo wajumbe wote 24 walikubaliana, kimoja chenye misimamo miwili, na kipengele cha mwisho nitakachokieleza baadaye. Ulipelekwa kwa jina la kikundi cha kaskazini peke yake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiombwa maoni. Kusini walibaki na nakala wakisubiri zamu yao.

Wajumbe watatu wa kaskazini, vijana wote, walikataa kusaini. Mmoja alisema, "Mmeandika risala ya chama cha ushirika. Mimi nilikuja kuondoa mpaka." Namwelewa. Tangu hapo hajaja tena kwenye mikutano, na kikundi kimepoteza mtu aliyekuwa na moto kuliko wote.

Kwa upande mwingine, jambo ambalo hakuna aliyelipanga limedumu. Wale wanne wa chini ya mti wamegeuka kamati ya kudumu. Lori likizuiwa, wanapigiana simu kabla uvumi haujafika sokoni. Kwa sasa ndiyo taasisi pekee ya pamoja iliyozaliwa na waraka huu.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilifanyika wakati wa furaha. Tuliuliza "mnataka?" kabla ya kuuliza "mnataka nini?". Watu wasiofahamiana lugha hulazimika kufafanua, kwa sababu mkalimani huwauliza maana. Sisi hatukuwa na mkalimani wa kutuzuia. Neno lilitoka kinywani mwa mmoja likaingia sikioni mwa mwingine bila kukwaruza popote, na kila mtu akaenda nyumbani na shirikisho lake. Mikono 24 iliyopanda haikuwa ukubali wa jambo moja, ilikuwa salamu.

Na hili haliko kwetu tu. Senegal na Gambia zina Wawolofu, Wamandinka na Wafula pande zote mbili, na Gambia imezungukwa na Senegal kila upande isipokuwa baharini. Baada ya jaribio la mapinduzi la Julai 1981 kuzimwa na askari wa Senegal, nchi hizo ziliunda Senegambia, iliyoanza 1 Februari 1982. Abdou Diouf wa Senegal akawa rais, Dawda Jawara wa Gambia makamu. Senegal ilikuwa inaelekea kwenye uchumi mmoja na usalama mmoja. Gambia ilitaka ulinzi, ikasitasita kwenye forodha kwa kuwa sehemu kubwa ya riziki yake ilikuwa kupitisha bidhaa, na baadaye ikataka urais uwe wa kupokezana. Septemba 1989 ikavunjwa. Ukisoma habari zake unaona ndugu wawili waliosaini karatasi moja wakiwa wanajibu maswali mawili.

Tanganyika na Zanzibar wanaletwa kila mara kama mfano wa kinyume, na ni kweli umoja wao umesimama tangu 26 Aprili 1964. Lakini tazama kilichousimamisha. Hati za Muungano zilitaja mambo ya muungano kwa orodha, 11 mwanzoni, na sasa yamefika 22. Kero nyingi zinahusu orodha hiyo: kipi kiliongezwa, nani aliulizwa. Hata ugomvi wake una mahali pa kuushika. Rasimu yangu ya kwanza haikuwa na orodha yoyote, ilikuwa na vivumishi.

Kwa nini karatasi za mwalimu zilifanya kazi? Nadhani ni kwa sababu hazikuwa na jina. Katika mikutano yetu mtu mzima akishasema, mdogo hapingi. Na mgeni hampingi mwenyeji kwake. Heshima hiyo hiyo inayotuunganisha ndiyo iliyoficha tofauti katika kikao cha kwanza. Kipande cha karatasi hakina shikamoo. Usawa wa 12 kwa 12 nao ulisaidia, ingawa hauna uhusiano na idadi ya watu. Ulifanya kila upande uamini kwamba hauwezi kumezwa ndani ya chumba kile.

Kuhusu kuondoa maneno makubwa, bado nina shaka. Kulizima moto na kutupatia vipengele tulivyokubaliana. Lakini yule kijana aliyeondoka alikuwa na hoja: mambo kama pasipoti na ushuru hayawezi kubaki bila kichwa milele, na siku mtu akiuliza rais wangapi, tutarudi pale pale tulipokimbia. Ningeanza upya, ningelileta swali la rais kikao cha kwanza kabisa, wakati chai bado ina moto na watu wanapendana.

Uteuzi wa wajumbe ulikuwa na kasoro nyingine. Wengi walikuwa watu wa biashara, na mfanyabiashara huuona mpaka kama gharama. Wafugaji hawakuwapo, ingawa wao ndio waliopoteza ng'ombe mnadani. Wala hakuwapo mwanasheria hata mmoja wa kutuambia kwamba Kenya imeruhusu uraia pacha tangu 2010 na Tanzania bado inaukataa, jambo ambalo lingebadilisha kipengele chetu cha pasipoti. Niliulizwa, nikasema tutaliangalia. Hatukuliangalia.

Nimesema karatasi za swali la kutoka zilikuwa tupu. Mjumbe mmoja hakuacha tupu yake. Alikuwa mzee wa kusini aliyefanya kazi Shirika la Reli la Afrika Mashariki akiwa kijana, lile lililokuwa na makao makuu Nairobi, wakati bandari zikisimamiwa kutoka Dar es Salaam na posta kutoka Kampala. Jumuiya ilipovunjika, mali zilibishaniwa hadi makubaliano ya 1984, na madai ya mafao ya waliokuwa wafanyakazi wake yaliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Kwenye kikao cha tatu aliombwa asome kile alichoandika. Kamati ilitaka kukinyoosha kiwe lugha ya waraka. Alikataa, akasema kiingie hivyo hivyo au jina lake litoke. Kikaingia, kipengele cha mwisho kabisa:

"Kabla hamjasaini ya kuingia, andikeni ya kutoka, na humo mseme ni nani atanilipa mimi."